Mambo ya Kuzingatia Unaponunua Mashine ya Kukatia Nyasi kwa Kazi ya Mkataba, Ufipa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mvua katika Uwanda wa Ufipa kwa kawaida huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika kipindi hicho nyasi za viwanja vya shule, hospitali, ofisi za umma na kando ya barabara hukua kwa kasi, na kazi ya kuzikata huwa chanzo cha kipato kwa vikundi vya usafi wa mazingira.

Mashine ikiharibika katikati ya msimu, kikundi hubaki na mkataba kisichoweza kuutekeleza na pengine na mkopo unaosubiri marejesho. Kwa kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wananchi wanaokusudia kuomba fedha hizo kwa shughuli hii wanapaswa kufahamu sifa za mashine inayodumu.

Jambo la kwanza ni aina ya kazi. Mashine ya kusukuma yenye magurudumu inafaa kwa bustani na viwanja tambarare. Kwa mitaro, miteremko na kingo za barabara, mashine ya kubeba begani ndiyo inayofika. Maeneo mapana kama viwanja vya ndege huhitaji mashine inayokokotwa na trekta. Kuilazimisha mashine ya bustani kufyeka nyasi ndefu za barabarani ni njia ya haraka ya kuiua.

Jambo la pili ni saa za kazi. Kikundi kinachofanya kazi saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hutumia mashine saa 30 kwa wiki, sawa na takribani saa 780 katika msimu wa wiki 26. Nchini Marekani, injini ndogo za mashine zisizobebwa mkononi, zisizofikia ujazo wa sentimita za ujazo 225, huwekwa katika madaraja ya saa 125, 250 au 500, kwa kuzingatia muda ambao zinatakiwa kuendelea kukidhi viwango vya moshi. Madaraja hayo hayamaanishi kuwa injini hufa saa hizo zinapotimia, lakini humpa mnunuzi kipimo cha kulinganisha. Injini ya daraja la saa 125 hufikia kikomo hicho baada ya wiki nne tu za kazi ya mkataba. Soma lebo iliyobandikwa kwenye injini au kitabu cha maelekezo kabla ya kulipa.

Jambo la tatu ni mwinuko. Mji wa Sumbawanga upo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo mashine ya nguvu za farasi 5 hubaki na takribani 4. Aidha, petroli huzidi hewa ndani ya kabureta, mashine hutoa moshi mweusi na plagi huchafuka. Chagua injini yenye nguvu ya ziada na muulize muuzaji kama kuna jeti ya kabureta ya maeneo ya miinuko.

Jambo la nne ni muundo. Tafuta injini ya mipigo minne yenye silinda iliyowekewa bomba la chuma ndani, bodi ya chuma kizito au alumini badala ya plastiki, na magurudumu yenye beringi. Hakikisha pia kuwa chujio la hewa, plagi, visu na mkanda vinapatikana Sumbawanga au Mbeya. Mashine bora isiyo na vipuri husimama sawa na mashine duni. Dai risiti ya EFD na hati ya dhamana, na usome kama dhamana hiyo inahusu matumizi ya kibiashara, kwa kuwa nyingi huishia kwenye matumizi ya nyumbani.

Matunzo nayo huongeza umri wa mashine. Badilisha oili kila baada ya saa 50 hadi 100 kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na safisha chujio la hewa mara kwa mara, hasa vumbi linapoanza. Ufipa, ambako zamani chuma kiliyeyushwa katika tanuru ndefu ziitwazo malungu, bado ina mafundi wa kunoa. Baada ya kunoa, ning'iniza kisu kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Upande mmoja ukishuka, kisu hakina uwiano na kitaharibu beringi. Msimu unapokwisha, toa petroli yote, kwani ikilala hadi Novemba huganda na kuziba kabureta.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inawahusu pia wafanyakazi wa kazi hii. Miwani, buti ngumu na vikinga masikio viingizwe katika bajeti ya ununuzi tangu mwanzo. Vikundi vinavyohitaji ufafanuzi kuhusu mikopo vinashauriwa kufika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata husika kabla ya kuandaa andiko la mradi.