Insha ya Mwenzako

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, utungaji na wema huwekwa pembeni. Insha huandikwa pale ratiba inaporuhusu, na wema hutajwa mstarini asubuhi pamoja na usafi na kuwahi namba, kisha watoto huingia darasani kufanya kile kinachohesabiwa kuwa ndiyo masomo. Nadhani tumekosea kuvitenganisha. Mtoto hujifunza kuandika vizuri anapoandika habari za mwenzake kwa uaminifu, na kazi hiyo humlea kiutu kuliko nasaha nyingi za mstarini. Mkoa wa Tabora, kwa historia yake, una sababu ya kulianza jambo hili kabla ya wengine.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Ujiji, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Lakini vitabu vilivyosomwa duniani kuhusu njia hiyo viliandikwa na wasafiri wa Kizungu kama Burton, aliyefika Kaze, ndani ya Tabora ya leo, mwaka 1857, na Stanley aliyefuata mwaka 1871. Humo mpagazi huonekana zaidi kama idadi au kama lawama: wangapi waliajiriwa, wangapi walitoroka. Alichowaza usiku mguu ukimuuma hatukisomi. Jacob Wainwright alikuwa na bahati tofauti. Alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, kisha akasomeshwa na wamisionari huko Nasik, India. Mwaka 1872 alifika Unyanyembe pamoja na watu waliotumwa na Stanley kumsaidia Livingstone, mmisionari na msafiri. Livingstone alipofariki mwaka uliofuata, Wainwright aliandika shajara ya safari ya kuubeba mwili wake hadi Pwani, safari iliyopita Unyanyembe. Aliandika kwa Kiingereza, na maisha yake yaliishia Urambo mwaka 1892. Tunaisikia safari ile kutoka kwa mmoja wa walioubeba mzigo kwa sababu alikuwa amefundishwa kushika kalamu. Mamia ya wenzake waliojua njia kuliko yeye walikufa na habari zao.

Basi tujiulize mtoto wa darasa la tano pale Kwihara au Sikonge, mkoani Tabora, anafundishwa kufanya nini na kalamu yake. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ulioanza kusahihishwa kwa mashine mwaka 2012, utungaji umekuwa ukipimwa kwa kumpa mtahiniwa sentensi zilizochanganywa azipange zilete maana. Ni ustadi wenye faida, lakini sentensi ni za mtu mwingine. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo hufundisha kile kinachoulizwa, na simlaumu. Ila ushahidi unaonyesha kwamba kuandika si starehe ya kungoja baada ya mtihani. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, Steve Graham na Michael Hebert, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakaona kwamba wanafunzi wanaoandika kuhusu walichosoma hukielewa zaidi. Anayetaka ufaulu katika kusoma ana sababu ya kuongeza uandishi.

Zoezi lenyewe halihitaji vifaa. Watoto wawili wa dawati moja wanaulizana: jana baada ya shule ulifanya nini? Mmoja anasema alichunga ng'ombe, mmoja akapotelea shamba la jirani, akamtafuta hadi magharibi. Mwenzake anaandika sentensi sita, kisha anamsomea mwenyewe. “Sivyo, sikulia, nilikasirika,” anasema mwenye habari. Hapo mwandishi anafuta “alilia” na kuandika “alikasirika”. Katika kufuta huko kuna sarufi, kuna msamiati, na kuna kukubali kwamba mwenzake ndiye anayejua moyo wake. Kazi hii haiwezekani penye fimbo. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea tahajia huandika maneno machache aliyo na hakika nayo, basi.

Kuhusu wema wenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifanyika Vancouver, Kanada, kwa watoto wa miaka 9 hadi 11. Kwa wiki nne baadhi yao walitenda mambo matatu ya wema kila wiki, na wengine walitembelea sehemu tatu. Wote walizidi kufurahi, lakini waliotenda wema ndio waliozidi kukubalika kwa wenzao. Tabora haikuhitaji Vancouver ili kulijua hilo. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi Pwani, wakiwemo Wazaramo, ulikomaa kwenye misafara: mgeni aliyefiwa mbali na kwao alikuwa na mtani wa kumsaidia kuzika.

Wapo watakaosema wema hufundishwa nyumbani. Ni kweli, ila nyumbani mtoto hujifunza zaidi kuwatendea wema walio wake. Ulyankulu, ambako wakimbizi kutoka Burundi walipokelewa tangu mwaka 1972 na wengi wao baadaye wakapewa uraia, shuleni ndipo wajukuu wao na wajukuu wa wenyeji wanapokaa dawati moja. Wengine watasema tungoje hadi watoto waweze Kiswahili sawasawa, kwa kuwa wengi huja shuleni na Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha. Lakini mpango wa elimu wa EQUIP-T, uliofanya kazi katika mikoa kadhaa ukiwemo Tabora kuanzia mwaka 2014, uliwaandaa watoto wa namna hiyo kuanza shule kwa kutumia hadithi na michezo. Hadithi ndiyo iliyowapeleka kwenye lugha.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mwalimu mwenye darasa lililofurika: nani atasahihisha insha zote hizi? Asizisahihishe zote. Msahihishaji wa kwanza ni yule aliyeandikwa, na yeye haachi kosa lipite. Mwalimu achukue madaftari ya safu moja Jumatatu, ya safu ya pili Jumanne, atie alama kwa kosa la aina moja tu kila mara, na Ijumaa kipindi cha mwisho awape watoto wawili au watatu nafasi ya kusimama mbele na kusoma habari za wenzao, baada ya wenyewe kuruhusu.