Chumvi "Iliyoyeyuka" na Utando wa Alumini

Wanafunzi wanaojifunza kutafsiri maandishi ya kisayansi hukutana mara kwa mara na sentensi kama hii: "Aloi ya alumini hupakwa juu ya chuma kwa umeme ndani ya chumvi iliyoyeyuka." Kisarufi haina kasoro. Hata hivyo, msomaji wa kawaida atafikiria sufuria ya maji yaliyotiwa chumvi, na hapo atakuwa amepotea kabisa.

Chanzo cha tatizo ni kitenzi kuyeyuka. Barafu huyeyuka juani, na sukari nayo, katika mazungumzo yetu ya kila siku, huyeyuka ndani ya chai. Haya ni mambo mawili. Barafu imegeuka kuwa kiowevu kwa sababu ya joto. Sukari haikupata joto la kutosha kuigeuza. Imetawanyika tu ndani ya maji. Vitabu vya sayansi hulipa jambo hili la pili kitenzi chake, kumumunyuka, na kiowevu kinachopatikana huitwa mmumunyo. Chumvi tunayoizungumzia hapa imeyeyuka kwa joto, na haina hata tone la maji.

Kwa nini maji yasitumike? Tuanze na mkufu wa kuchovya. Sonara huuning'iniza ndani ya mmumunyo wenye ayoni za fedha au dhahabu na kuuunganisha na upande hasi wa umeme. Ayoni hupokea elektroni na kuganda juu ya mkufu zikiwa utando mwembamba. Kwa fedha, shaba na nikeli, maji hayana ubaya. Alumini ni kaidi. Kizio chake cha elektrodi ni volti -1.66 ikilinganishwa na haidrojeni, maana yake ni kwamba ndani ya maji haidrojeni hutangulia kutoka, na alumini haigandi kamwe, hata umeme ukiongezwa.

Ndiyo maana wanakemia huyaacha maji. Chumvi ya mezani peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, joto kali mno kwa kazi hii. Lakini ikichanganywa na kloridi ya alumini kwa kiasi kinachofaa, mchanganyiko huwa kiowevu kwenye nyuzi zinazozidi 100 kidogo tu. Kipande cha alumini huwekwa upande chanya, nacho hupungua polepole kikirudisha ayoni zinazotumika. Kloridi ya manganizi ikiongezwa, metali zote mbili huganda pamoja na kuwa aloi. Utando huo huwa laini kuliko wa alumini tupu, na manganizi ikizidi, atomi hushindwa kujipanga katika fuwele, zikakaa ovyo kama zilivyo katika kioo.

Hapa kosa la tafsiri si la mtindo tu. Kloridi ya alumini ikikutana na maji, au hata hewa yenye unyevu, hutoa moshi wa haidrojeni kloridi unaounguza macho na mapafu. Kazi hufanyika ndani ya chombo kilichofungwa chenye gesi kavu, kama vile naitrojeni au agoni. Mtu aliyeelewa kuwa chumvi "iliyoyeyuka" ni ile iliyotiwa majini anaweza kujiumiza.

Kwa mwalimu anayetaka mfano wa darasani, upo mzuri zaidi. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua njia ya kuzalisha alumini ambayo viwanda vinaitumia hadi leo. Alumina huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, lakini humumunyuka ndani ya kriolaiti iliyoyeyuka kwenye nyuzi 960 hivi. Badilisheni vitenzi vyote katika sentensi hiyo viwe kuyeyuka, kisha waulizeni wanafunzi uvumbuzi ulikuwa nini.

Neno kuchovya nalo lina mtego wake. Mabati huchovywa kweli: chuma huzamishwa ndani ya zinki iliyoyeyuka, bila umeme wowote. Mkufu huchovywa kwa msaada wa umeme. Sisi tunapendelea kuchovya kwa umeme, maneno matatu badala ya moja, kila muktadha usipotosha kuonyesha ni njia ipi. Na chombo chenyewe kiitwe beseni; tumewahi kuona bafu.