Vespa ya Zamani, Nguvu Mpya

Wengi wanaoleta Vespa PX zao kwenye karakana yangu hapa Unguja wana ombi moja: "Fundi, ipe nguvu." Kisha hutoa simu wakanionesha picha ya silinda. Nami huuliza: unabeba nini, na unakwenda wapi? Anayepakia mke na gunia la muhogo kutoka shamba ana haja yake, na anayetaka kufika Nungwi bila injini kulia njia nzima ana yake.

PX ilitoka mwaka 1977, katika ukoo wa Vespa ambao kampuni ya Piaggio iliuanzisha mwaka 1946 kule Pontedera, Italia. Ile ya cc 150 ina pistoni yenye upana wa milimita 57.8, inayopanda na kushuka milimita 57. Makampuni ya Italia kama Polini na Pinasco hutengeneza silinda za milimita 63 zinazoingia palepale pa ile ya zamani, bila kuchonga kizimba cha injini. Unafungua nati nne, unavua hedi, unachomoa silinda na kuvisha mpya. Injini imekuwa ya cc 177.

Hapo mteja hutaka kuwasha aondoke. Bado, bwana. Silinda kubwa hunyonya hewa nyingi zaidi, kwa hiyo kabureta nayo hudai jeti kubwa, yaani kitundu kipana zaidi cha kupitishia petroli. Injini hii ni tu-stroki: oili yake huja ndani ya petroli, sehemu moja kwa 50. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na pistoni iliyokosa vyote viwili huvimba ikajam katikati ya barabara. Ndiyo maana huanza na jeti iliyozidi, kisha nashuka kidogo kidogo. Nikishaivutia mafuta kwa mbio ndefu, nakamata klachi, nazima hapohapo, na kufungua plagi. Ikiwa nyeupe, narudisha jeti kubwa upesi. Ikiwa nyeusi na imelowa, napunguza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, naiacha.

Sasa gia, ambako wengi hawafiki. Kwenye PX 150 ya asili, gia ndogo ya klachi ina meno 21 na huzungusha gia kubwa yenye meno 68. Silinda mpya inaweza kusukuma zaidi ya hapo, lakini gia zilezile huilazimisha kuzunguka kama zamani. Ongeza jino moja tu, yawe 22. Mwendo ambao injini iliufikia kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, sasa itaufikia kwa takriban 5,730. Kelele hupungua, ringi hudumu, na kazi yenyewe ni ya kufungua mfuniko wa klachi. PX 200 ilitoka kiwandani na meno 23 kwa 65. Ukimwekea hayo mwenye 177 anayepakia gunia, gia ya nne itamshinda akikutana na upepo wa mbele.

Gia ikiwa inaruka, hapo hapana budi kupasua kizimba. Ndani mna msalaba, kipande cha chuma chenye ncha nne kinachoteleza katikati ya gia na kuchagua ipi ishike. Ncha zikilika zikawa mviringo, haziumi tena, na nguvu mpya huzimaliza haraka zaidi.

Vijana huulizia ekzosi ya mbio, ile yenye tumbo. Aliyeikamilisha ni mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya pikipiki ya MZ, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Wimbi la moshi hugonga mwisho wa tumbo, hurudi, na kusukumia ndani ya silinda petroli iliyotaka kutoroka. Mwaka 1961 mwendeshaji wa MZ, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na ujuzi huo, na mwaka uliofuata akaipa Suzuki ubingwa wa dunia wa cc 50. Lakini wimbi hilo hurudi kwa wakati wake injini ikiwa mbioni tu. Kwa mwendo wa Darajani, simama ondoka, hulipati.

Breki za ngoma za PX ya zamani nazo zilipimwa kwa nguvu ya kiwandani. Kwa hiyo pesa ianze kwenye brekishuu, matairi na nyaya. Ifuate klachi na gia. Silinda ije mwisho. Anayekuja na pesa ya silinda peke yake, namwambia aiweke kwanza, mpaka itimie ya jeti na ya lile jino moja.