Taifodi Imesoma Kidogo

Saa 12 jioni mama anaingia zahanati binafsi na mtoto wa miaka 4 mgongoni. Ana homa na mafua tangu jana. Sera ya Tanzania inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma, lakini zahanati ya serikali imeshafungwa. Analipa kumwona daktari, analipa vipimo, kisha anaambiwa: "Malaria hana, ila taifodi imesoma kidogo." Mtoto anaandikiwa sindano za antibiotiki za siku tano. Hela ya mama inatosha mbili.

Je, mtoto alihitaji sindano hizo? Kipimo cha taifodi kiitwacho Widal hakitafuti bakteria wenyewe, kinatafuta kingamwili, nazo huweza kuonekana hata kwa aliyewahi kuugua zamani au mwenye maambukizi mengine. Uhakika hupatikana kwa kuotesha damu maabara. Tena homa inayokuja na mafua kwa kawaida ni ya virusi, na antibiotiki haiui virusi.

Basi kwa nini kaandikiwa? Mwaka 1963 mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alionyesha kwamba tiba si bidhaa kama nyingine. Sokoni mama huyu analijua fungu la nyanya zilizooza, hahitaji kuambiwa. Zahanati hana macho hayo: anayemuuzia sindano ndiye anayemwambia kama anaihitaji. Na kituo kinacholipwa kwa kila kipimo na kila sindano hulipa pango na mishahara kwa kuandika zaidi.

Lakini tusimwite daktari mlafi. Utafiti uliochapishwa 2007 kutoka hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao vipimo vilionyesha hawana malaria waliandikiwa dawa za malaria hata hivyo. Mazoea yana nguvu. Hofu ya kumwacha mgonjwa mahututi ina nguvu. Na sisi wagonjwa tukitoka mikono mitupu tunasema hatukutibiwa.

Bima peke yake haiponyi tatizo hili. Ikimlipa mtoa huduma kwa kila alichofanya, kishawishi kinabaki palepale, ila sasa anayeumia ni mfuko wa wote. Njia nyingine ni kukilipa kituo kiasi maalumu kwa kila mtu aliyejiandikisha, augue asiugue. Hapo hamu ya kuzidisha hupungua, lakini huzaliwa hamu ya kubana, na mwenye ugonjwa mzito anaweza kucheleweshewa rufaa. Kwa hiyo njia hizo huchanganywa, na madai ya vituo hukaguliwa kwa kulinganishwa na mwongozo wa matibabu.

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe 2023, tumebishana sana juu ya nani achangie kiasi gani. Namna kituo kitakavyolipwa ina uzito uleule, maana ndiyo itakayoongoza kalamu ya daktari. Nasi tujifunze kuuliza kwa adabu: "Daktari, tukisubiri siku mbili bila sindano, kuna hatari gani?"

Mafua ya mtoto yule yatapona yenyewe. Mfuko wa mama hautapona upesi hivyo. Siku mtoto atakapopata malaria ya kweli, mama atakumbuka gharama hiyo, ataanzia duka la dawa, na zahanati atafika siku ya tatu.