Mchoro Ulioipa Falsafa Umbo

Fikra haina sura wala rangi. Mchoraji wa vitabu basi ataionyeshaje falsafa? Swali hilo lilipata jibu bora nchini Italia, zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Plato wa Athens, aliyefariki mwaka 347 K.K., alieleza katika kitabu chake Timaeus kwamba vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana. Chembe za moto ni piramidi za nyuso 4, kwani ncha zake ni kali. Za ardhi ni michemraba, iliyotulia kuliko maumbo yote. Za hewa zina nyuso 8, na za maji nyuso 20. Umbo la tano, lenye nyuso 12, alilihusisha na ulimwengu mzima.

Lakini ni nani awezaye kuliona akilini umbo la nyuso 20 kwa kusoma maneno tu? Luca Pacioli, mtawa na bingwa wa hesabu, alitambua shida hiyo. Kitabu chake, Divina proportione, kilichochapishwa Venice mwaka 1509, kilipambwa kwa michoro ya Leonardo da Vinci. Leonardo alilichora kila umbo mara mbili: kwanza likiwa zima, kisha likiwa tupu, limebaki kingo zake tu mithili ya tundu la ndege. Hivyo msomaji aliona mbele na nyuma kwa mara moja.

Hata hivyo, picha ina hila zake. Mwaka 1596 Mjerumani Johannes Kepler alichapisha mchoro wa kupendeza, maumbo hayo 5 yakiwa yamepachikwa moja ndani ya jingine, kujaza nafasi kati ya njia za sayari 6 zilizojulikana wakati huo. Vipimo havikulingana sawasawa na picha. Mwaka 1609 yeye mwenyewe alitangaza kwamba Mirihi hupita katika njia ya duaradufu, na sayari ya Uranus ilipogunduliwa mwaka 1781, hesabu ya nafasi 5 ilivunjika kabisa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ndugu msomaji, mwanao afunguapo kitabu chenye picha, mwache aifurahie. Kisha muulize: picha hii yaonyesha jambo lililopimwa, au lililowazwa tu? Mchoro mwema huifungua akili. Kupima ni kazi yetu wenyewe.