Sumu Katika Karanga

Karanga zisipokauka vizuri huota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo huharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu huko Dodoma na Manyara. Wao waliipata katika mahindi.

Macho hayaioni. Wapimaji husaga karanga na kuziloweka katika dawa ya maji inayovuta sumu. Tone la dawa hiyo huwekwa juu ya kioo kilichopakwa unga mwembamba. Kisha kioo husimamishwa katika dawa nyingine kidogo. Dawa hupanda kama mafuta ya taa katika utambi, ikiacha kila kitu mahali pake. Kikimulikwa gizani kwa taa maalumu, sumukuvu hung'aa buluu au kijani.

Nyumbani kwetu Nachingwea na Ruangwa hatuna taa hiyo. Basi karanga zenye ukungu zitupe. Usizitie katika kisamvu, maana moto wa jikoni hauimalizi sumu. Tabia ya kuuza karanga nzuri na kuwalisha watoto zile mbovu siipendi kabisa.