"Hapa" ni Wapi? Upigaji Picha wa Maandishi ya Ukutani katika Mitaa ya Masasi

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna upigaji picha unavyoathiri data ya mtafiti wa maandishi ya ukutani. Kwa kutumia maandishi ambayo mpita njia hukutana nayo Masasi na katika miji mingine ya Tanzania, inajengwa hoja kwamba sehemu ya maana ya maandishi hayo imo katika vitu vinavyoyazunguka, na kwamba picha iliyokatwa pembezoni humpa msomaji matini ambayo mtaani haikuwapo.

Utangulizi

Tangu Landry na Bourhis walipochapisha makala yao kuhusu mandharilugha mwaka 1997, kamera imekuwa chombo cha kawaida cha mtafiti wa lugha inayoonekana barabarani. Kwa upande wa Tanzania, Bwenge (2009) alichunguza mabango ya biashara ya Dar es Salaam na matumizi ya Kiswahili na Kiingereza ndani yake. Utaratibu uliozoeleka ni rahisi: mwanafunzi wa uzamili huenda uwandani na simu yake, hupiga picha nyingi, kisha hurudi kuzihesabu, ngapi za Kiswahili, ngapi za Kiingereza, ngapi za mchanganyiko. Bango la duka linauvumilia utaratibu huo, kwa kuwa limetengenezwa lijitosheleze. Maandishi yaliyopakwa ukutani kwa brashi, mkaa au chaki hayauvumilii, na sababu ya kwanza ni ya kisarufi.

Ni vyema kubainisha tunazungumzia maandishi gani. Dar es Salaam ina wasanii wa grafiti wa makopo ya rangi. Kundi mashuhuri la Wachata limejipa jina linalotokana na chata, yaani alama au chapa. Masasi kuna zaidi makatazo, matangazo ya ardhi na nyumba, majina ya Simba na Yanga, na alama za mamlaka za barabara. Wapo watakaosema kwamba hii si grafiti. Ubishi huo una nafasi yake, lakini anayesimama mbele ya ukuta na kamera hausaidiki nao. Jambo linalopaswa kumshughulisha zaidi ni kwamba katika mji ambamo Kiyao, Kimakua, Kimakonde na Kimwera husikika sokoni, ukuta kwa kawaida huzungumza Kiswahili. Kiswahili hicho kimejaa vionyeshi.

Kionyeshi na fremu

Tuchukue katazo linalojulikana karibu katika kila mji nchini: USIKOJOE HAPA. Kionyeshi hapa ni cha ngeli ya mahali ya PA-, nacho huonyesha mahali mahususi palipo karibu na msemaji. Mwandishi hakuchagua huku, ambayo ingeliacha eneo bila mipaka ya wazi, wala humu, ambayo ingedai undani. Alichagua hapa, kisha akaondoka. Msemaji hayupo, ukuta ndio uliobaki ukisema kwa niaba yake, na mpaka wa hapa umeachiwa vitu vilivyo karibu: kona ya nyumba, shina la mwembe, mlango wa duka la jirani, uchochoro unaotoka stendi ya mabasi. Picha iliyosogezwa hadi herufi zikajaa fremu nzima inatuachia kionyeshi kisicho na kirejelewa. Mchambuzi wa picha hiyo hana la kusema isipokuwa kwamba "katazo linahusu usafi wa mazingira", sentensi ambayo angeweza kuiandika bila kutoka ofisini kwake.

Mfano wa pili ni NYUMBA HII HAIUZWI. Hapa hii inarejelea jengo lenyewe lililobeba maandishi, jambo ambalo matini za kitabuni haziwezi kulifanya. Kauli ya kutendwa nayo imewaficha watendaji wawili kwa mpigo: anayekataa kuuza na anayejaribu kuuza. Kwa kawaida tangazo la namna hii huashiria mgogoro wa mirathi au hofu ya matapeli. Sarufi imenyamaza kuhusu ni kipi kati ya hivyo, lakini mtaa huenda haukunyamaza. Picha pana yaweza kuonyesha kufuli yenye kutu na majani yaliyofika dirishani, au nguo za watoto zilizoanikwa uani. Katika hali ya kwanza tangazo linasemwa na mtu aliye mbali. Katika ya pili, na watu wanaolala ndani. Scollon na Scollon (2003) wameisisitiza kanuni hii: ishara hupata sehemu ya maana yake kutokana na mahali ilipowekwa.

Rangi ya X

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa takriban kilometa 210 kupitia uwanda wa Wamakonde, imekuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami kwa awamu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Majengo yaliyomo ndani ya hifadhi huwekewa alama ya X. Kwa maelezo ambayo mamlaka za barabara zimekuwa zikiyatoa, X ya kijani humaanisha kwamba mwenye nyumba anastahili fidia, kwa kuwa barabara ndiyo iliyomfuata. X nyekundu humaanisha kwamba yeye ndiye aliyeifuata barabara, hivyo hana fidia.

Katika nakala nyeusi na nyeupe, ambayo bado ni sura ya tasnifu nyingi zilizomo maktabani, X hizo mbili ni moja. Tofauti kati ya familia itakayolipwa na ile itakayofungasha mizigo mikono mitupu imepotea kwenye mashine ya kurudufia. Rangi, basi, itajwe kwa maneno chini ya kila picha, hata kama picha imechapishwa kwa rangi.

Pengine X huandamana na neno moja: BOMOA. Ni kitenzi cha amri katika umoja, bila yambwa na bila aina yoyote ya heshima. Anaamriwa nani? Kama ni mwenye nyumba, mtu mzima mwenye familia, desturi ingetaka walau mbomoe au bomoeni. Kama ni dereva wa tingatinga, basi mwenye nyumba anaishi nyuma ya maagizo ambayo si yake kuyatekeleza. Herufi peke yake hazilitatui swali hilo, wala picha ya karibu haionyeshi umbali uliolizaa. Kamera isiyoionyesha barabara haiwezi kuonyesha mita 30.

Kazi ya uwandani

Brassaï, aliyeanza kupiga picha za michoro ya kuta za Paris katika miaka ya 1930, alikuwa na daftari la anwani za kuta hizo ili aweze kurudi. Daftari ndilo linalokosekana katika tafiti zetu nyingi. Kila maandishi yapigwe walau picha tatu: moja kutoka ng'ambo ya barabara, moja ya ukuta mzima, moja ya herufi, na daftarini viandikwe tarehe, rangi, upande ukuta unakoelekea na majengo ya jirani. Maandishi yaliyokwaruzwa yapigwe asubuhi au jioni, mwanga ukitoka ubavuni, maana jua la utosini huyafuta. Michoro ya majahazi iliyokwaruzwa kwenye lipu za magofu ya Kilwa na Songo Mnara, iliyoelezwa na akina Garlake mwaka 1964, ni ya jamii hiyohiyo.

Namba za simu za mafundi na madalali zifichwe kabla ya kuchapisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haipaswi kuwa sababu pekee. Mbele ya nyumba yenye X, mgeni mwenye kamera ni rahisi kudhaniwa kuwa ametumwa na wabomoaji. Apite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, abishe hodi, ajieleze, na akikataliwa aondoke bila picha.

Kisha arudi. Picha ya pili, iliyopigwa kutoka mahali palepale baada ya tingatinga kupita, huenda isiwe na herufi hata moja. Iwekwe katika jalada lilelile, kando ya ile ya kwanza, ikiwa na tarehe yake.